Kusoma Mlango wa Sabaki Kabla ya Kuingia Majini

Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya imekingwa na mwamba. Wimbi likitoka bahari kuu hukatikia mbali, juu ya matumbawe, na kinachofika ufukweni ni maji yaliyokwisha nguvu. Ghuba ya Malindi haiko hivyo. Mto Sabaki, unaoingia baharini kilomita chache kaskazini mwa mji, hushusha tope na maji baridi kwa wingi, na matumbawe hayastawi penye tope wala penye maji yaliyopungua chumvi. Kwa hiyo kati ya Malindi na Mambrui mwamba umeacha pengo, na wimbi hupita hapo likiwa zima mpaka mchangani. Ndipo vijana wenye mbao za kupandia mawimbi wanapokwenda, ndipo wavuvi wa mshipi wanaposimama, na ndipo familia zilizotoka bara zinapoogea siku za sikukuu.

Mto huohuo uliolifungulia wimbi njia ndio unaofanya mahali hapo pasizoeleke. Mwamba hukaa palepale miaka nenda miaka rudi, lakini mlangoni mwa mto mafungu ya mchanga huhama. Mkondo uliokuwa karibu na mivinje mwezi uliopita leo unaweza kuwa umejisogeza mamia ya hatua, na pale palipokuwa na maji ya kiunoni pakawa na kina cha kukumeza. Ukija na picha ya mwaka jana kichwani, unaingia mahali usipopajua.

Wengi wakifika huuliza kwanza mawimbi yakoje. Mimi swali hilo naliweka la nne. La kwanza ni mto, la pili ni kujaa na kupwa kwa maji, la tatu ni upepo. Ukishayajibu hayo matatu, wimbi lenyewe halikusumbui kulisoma. Ukiyaruka, hata wimbi la magotini litakupeleka usikotaka.

Mvua ya bara

Sabaki ni jina la mwisho la mto mrefu. Huanza kwa jina la Athi kwenye nyanda za juu karibu na Nairobi, hupokea Mto Nairobi pamoja na uchafu wote wa jiji, hupita nchi ya Wakamba, hukutana na Mto Tsavo na kuitwa Galana, ndipo hukaribia bahari kwa jina la Sabaki. Mvua kubwa iliyopiga Machakos huchukua siku kadhaa kufika Malindi, na inaweza kufika siku ya jua kali, mbingu haina hata wingu. Ndiyo sababu kutazama anga la Malindi peke yake hakutoshi.

Wakati wa masika, Machi hadi Mei, na wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba, sikiliza habari za mvua za bara kabla ya kupanga safari. Halafu nenda ukauone mto kwa macho yako. Barabara ya Malindi kwenda Garsen inavuka Sabaki kwa daraja. Simama pembeni pasipo na hatari ya magari, utazame maji yanavyopita kwenye nguzo. Rangi peke yake haisemi mengi, maana Sabaki ni wa tope karibu mwaka mzima. Tazama vinavyoelea. Maji yakipita matupu, mto uko katika hali yake. Ukiona matete yaliyong'oka na mizizi yake, matawi mabichi na magogo, mto umefurika huko juu, na siku hiyo usiingie baharini karibu na mlango. Gogo lililolowa huelea nusu chini ya povu. Halionekani mpaka limekufikia. Maji ya mafuriko pia hubeba kinyesi na taka za miji, na mwenye kidonda au anayeumwa sikio huyajutia kesho yake. Ngoja mto ushuke, kisha uongeze siku mbili tatu.

Mafuriko makubwa, kama yale ya El Niño ya 1997 na 1998 au ya mwishoni mwa 2023, huuchonga mlango upya kabisa. Baada yake anza kujifunza tangu mwanzo, hata kama umezaliwa Malindi.

Kuna na wenyeji wengine wa mahali hapo. Viboko huishi mlangoni mwa Sabaki na hutoka jioni kwenda kula majani. Mamba wako mtoni. Na wako papa wanaopenda maji ya tope kwa sababu humo huwinda bila kuonekana. Kwa hiyo usioge ndani ya mto wala kwenye vidimbwi vyake, hata maji yakiwa yametulia kiasi gani, na usikae majini wakati wa giza la alfajiri wala magharibi. Katika jambo hili sina nafasi ya majadiliano.

Bamvua na asubuhi nzuri

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, na ndipo wageni wengi wanapokosea bila kujua.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Katikati ya vipindi hivyo, mwezi ukiwa nusu, huwa maji mafu, na tofauti hupungua hadi mita 1 hivi. Mamlaka ya Bandari ya Kenya huchapisha majedwali ya maji, na kwenye simu utapata saa zake. Lakini anayehesabu tarehe za mwezi kama wavuvi wanavyohesabu hana haja ya kukisia: mwezi mosi hadi wa tatu na wa kumi na tano hadi wa kumi na saba ni bamvua, karibu na mwezi wa nane na wa ishirini na tatu ni maji mafu.

Sasa tazama saa. Siku za bamvua, maji hujaa kati ya saa 10 na saa 11 alfajiri, na tena jioni saa hizohizo. Hukauka kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na vilevile usiku. Maana yake ni kwamba tangu jua linapochomoza mpaka saa 4, maji yanatoka. Na saa hizohizo ndizo zenye hali ya hewa nzuri kuliko zote: upepo hafifu wa umande unavuma kutoka nchi kavu, uso wa bahari ni laini, mawimbi yanasimama yamenyooka. Mtu anayetazama uzuri peke yake huingia wakati ambao mto na bahari vinatoka kwa pamoja.

Nguvu ya wakati huo inatoka wapi? Usiku kucha bahari ilikuwa ikiusukuma mto nyuma na kuujaza. Maji yakianza kupwa, yote yaliyoingia, pamoja na yale ya mto wenyewe, yanatafuta njia ya kutoka, na njia ni mkondo mwembamba kati ya mafungu mawili. Mkondo huo ukikutana na mawimbi yanayoingia, mawimbi hupungua mwendo, hukaribiana, na kuinuka wima kupita yalivyokuwa. Kutoka ufukweni ni mazuri sana kuyatazama, makali na yenye umbo. Ukiwa juu ya ubao utagundua kwamba wimbi linavunjika bila onyo, na kila ukipiga makasia ya mikono kurudi, mchanga unazidi kuwa mbali.

Pima mwenyewe kabla ya kuamini. Okota kifuu cha nazi, kitupe kwenye ukingo wa mkondo, kisha tembea nacho sambamba ufukweni ukikanyaga mahali pagumu. Ukihitaji kutembea mwendo wako wa kawaida ili kisikuache, maji yanakwenda zaidi ya mita 1 kwa sekunde, na hakuna muogeleaji wa kawaida anayeweza kushindana nayo kwa muda. Ukilazimika kuharakisha, rudi nyumbani. Kifuu kikizunguka palepale au kikirudi kuelekea mtoni, maji yameanza kuingia.

Siku za maji mafu mambo hugeuka. Maji hukauka karibu saa 10 alfajiri na kujaa karibu saa 4 asubuhi. Asubuhi yote bahari inaingia, polepole, wakati umande bado unavuma. Mkondo ni dhaifu, na hata ukichukuliwa, kujaa kwa maji kunakurudisha. Ndiyo maana, nikiombwa kuchagua siku kwa mtu anayejifunza, sitazami ukubwa wa wimbi. Natazama mwezi, nikachagua asubuhi ya maji mafu.

Bamvua lina mtego mwingine, na huu huwanasa wasioogelea kabisa. Saa 4 asubuhi mafungu yanakauka na kubaki visiwa vya mchanga, ndege wamejaa juu yake, na watu huvuka kwa miguu kwenda kupiga picha au kutupa mshipi. Maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanapanda kidogo sana, kiasi cha sehemu moja ya kumi na mbili ya tofauti yote. Saa ya pili sehemu mbili. Saa ya tatu na ya nne sehemu tatu kila moja. Kwa bamvua la mita 3, hiyo ni sentimita 25 saa ya kwanza, lakini sentimita 75 saa ya tatu. Na hayaanzii mbele unakotazama. Yanaanza kujaza mfereji ulio nyuma yako, kati ya fungu na nchi kavu. Ukivuka, uwe umerudi kabla maji hayajaanza kuingia. Na usitembee kwenye kingo zilizokatika wima kando ya mfereji, maana mkondo umezila kwa chini na hubomoka na mtu juu yake.

Kusi, kaskazi na umande

Kusi huvuma kuanzia Aprili hivi hadi Septemba au Oktoba, ikitoka kusini mashariki. Kaskazi huvuma Novemba au Desemba hadi Machi, ikitoka kaskazini mashariki. Kati yake kuna majuma ya upepo usio na uamuzi, tanga mbili. Hayo kila mtu wa pwani anayajua. Kinachohitaji kufikiriwa ni yale ambayo kila pepo hufanya mlangoni mwa mto.

Wakati wa kusi, bahari na upepo husukuma maji ya tope kuelekea Mambrui. Upande wa kusini wa mlango, ule wa Malindi, hubaki na maji safi zaidi na mawimbi makubwa ya mwaka. Huvutia, na ni haki yake kuvutia. Lakini kusi ileile iliyokusafishia maji inakusukuma kaskazini wewe pia, hatua kwa hatua, kuelekea mlangoni. Mtu aliyeingia mahali salama akacheza nusu saa bila kutazama nyuma hujikuta mbele ya mkondo. Kwa hiyo wakati wa kusi ingia mbali kusini mwa mlango, na kabla ya kuingia weka alama mbili nchi kavu: moja pale ulipoingilia, nyingine pale utakapotokea, iwe bado mbali na mto. Mnazi uliopinda, paa la makuti, kilima cha mchanga chenye kichaka, chochote kisichohama. Ukifika usawa wa alama ya pili, toka, tembea kurudi, uingie upya. Inachosha, lakini ndiyo namna.

Wakati wa kaskazi mambo ni kinyume. Tope lote huja upande wa Malindi, hasa baada ya vuli, na unaogelea bila kuona mkono wako. Lakini ukiwa kusini mwa mlango, msukumo unakuondoa mtoni. Mawimbi ni madogo, na hali ya kujifunza ni nzuri kwa asiyechukia maji ya rangi ya chai. Mwenye kidonda au mtoto mdogo angojee tope lipungue.

Mwendo wa upepo katika siku moja ni muhimu kama majira yake. Umande hukoma jua likishapasha mchanga moto, mara nyingi saa 3 asubuhi. Kuanzia hapo upepo wa baharini huchukua nafasi, na alasiri huwa umefika kilele. Hapo bahari inakuwa ya wanaoruka kwa vishada. Katikati ya kusi, Juni na Julai, kuna asubuhi ambazo umande haupo kabisa, kwa sababu kusi imevuma usiku kucha. Si lazima uwe na chombo cha kupimia. Mchanga ukianza kutambaa juu ya ufukwe na kukuchoma miundini, na vichwa vyeupe vikitapakaa mpaka upeo wa macho, uso wa wimbi umekwisha kuharibika kwa ubao, na mkondo wa pembeni umeongezeka.

Vimbunga ni nadra kwetu kwa kuwa tuko karibu mno na ikweta, ila mawimbi yake husafiri mbali. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikielekea Mafia upande wa Tanzania, shughuli za ufukweni zilisimamishwa pwani ya Kenya pia. Idara ya Hali ya Hewa ikitoa onyo la mawimbi makubwa, usibishane nalo kwa sababu anga juu yako ni la samawati. Radi ni nyepesi zaidi kuielewa: ukisikia ngurumo, toka majini, na usirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Usijikinge chini ya mvinje uliosimama peke yake.

Wimbi lenyewe

Panda juu ya kilima cha mchanga ukae nusu saa. Nusu saa kamili, kwa sababu mawimbi huja kwa mafungu ya matano au saba yakifuatwa na utulivu mrefu, na anayetazama dakika 5 huweza kuona utulivu tu.

Wimbi litakupimia kina bila fito. Huvunjika linapofika penye maji yanayozidi kimo chake kidogo tu: wimbi la mita 1 huvunjika penye kina cha mita 1 na robo hivi. Basi palipo na povu jeupe pana fungu chini. Palipo na ukanda wa maji ya giza, yasiyovunjika, kati ya povu la kushoto na la kulia, ndipo mkondo wenye kina unapotokea. Mgeni huuona ukanda huo umetulia akawapeleka watoto pale. Nimeyaona hayo na ninayasema kwa uchungu: pale panapoonekana shwari kuliko kwingine ndipo pasipofaa kuoga. Tafuta pia mstari wa povu chafu na majani unaotenga maji ya tope na maji ya chumvi. Maji ya mto ni mepesi na huelea juu ya ya bahari, na mstari huo unakuonyesha mto unafika wapi kwa saa hiyo. Kaa upande wa pili.

Utabiri wa simu hutoa namba mbili, kimo cha wimbi na sekunde zinazopita kati ya wimbi na wimbi. Watu husoma ya kwanza wakaacha ya pili. Katika maji ya kina, mawimbi ya sekunde 6 yanaachana kwa mita 56 hivi. Ya sekunde 12 yanaachana kwa mita 225. La pili limebeba maji mengi zaidi na huanza kuigusa sakafu mbali sana. Malindi huzoea mawimbi mafupi ya upepo wa kusi, kwa sababu Madagaska hukinga mengi yanayotoka bahari ya mbali ya kusini. Siku utabiri ukionyesha sekunde 11 au 12, hata kama kimo ni kilekile cha jana, tarajia bahari nyingine. Na kimo kikiongezeka maradufu, nguvu huongezeka mara nne.

Ukiwa ndani

Usiingie peke yako, na mwenzako mmoja abaki nchi kavu akikutazama. Kagua kamba ya mguuni ya ubao wako kabla hujalowa. Kwenye maji ya kina kifupi buruta miguu badala ya kukanyaga, maana taa hujizika mchangani na huchoma anapokanyagwa. Akikuchoma, tosa mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kisha nenda hospitali.

Ukichukuliwa na mkondo, baki na ubao; usiuache hata ukihisi unakuchelewesha. Mkondo wa mlangoni hauvuti mtu chini, humpeleka nje, na ukishavuka mafungu hutawanyika na kulegea. Anayekufa aghalabu amekufa kwa kuchoka, akipigana nao uso kwa uso. Inua mkono mmoja ili wa nchi kavu akuone, kisha sogea kwa ubavu kuelekea palipo na povu, kwa kuwa povu ni fungu na fungu ni miguu kugusa chini. Chagua upande ambao upepo na bahari vinakusukuma. Wakati wa kusi huo ni upande wa kaskazini, na huenda ukatokea ng'ambo ya pili ya mto, upande wa Mambrui, huku nguo na wenzako wakiwa ng'ambo hii. Usijaribu kuvuka mlango kurudi, hata maji yakionekana yamepungua. Tembea mpaka barabarani, uzunguke kwa daraja. Kwa sababu hiyo nauli ya bodaboda iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, umeufunga mwilini tangu mwanzo, na mwenzako awe anajua kwamba ukitokea ng'ambo mtakutana darajani.